PUA IKIZIBA, MASKI ISIVULIWE



Tangu mwezi wa tano hadi wa nane nchi yetu ya Katanga inakuwa kavu. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya digri 10, mchana vumbi linapanda njiani, na mafua yanaingia nyumba kwa nyumba. Watu wengi hawaendi kwa munganga kwa ajili ya mafua, na hawana kosa. Ni ugonjwa wa virusi, nao kwa kawaida unaisha wenyewe kwa siku 7 hadi 10. Lakini pua iliyoziba inasumbua. Mtu halali, chakula hakina ladha, kichwa kinagonga, na kazini anavua maski ili apate pumzi. Hapo ndipo jambo dogo linakuwa kubwa.

Ni kitu gani kinachoziba pua? Wengi wanafikiri ni kamasi, kwa hiyo wanapenga kwa nguvu mpaka masikio yanalia. Kamasi ni sehemu tu. Ndani ya pua kuna ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu. Virusi vikiingia, ngozi hiyo inavimba na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Ndiyo maana unapenga, hakuna kinachotoka, na pua bado imeziba. Ukilala, damu inazidi kujaa pale, ndiyo sababu usiku ni mbaya kuliko mchana. Inua kichwa kwa mito miwili. Na ukipenga, penga polepole, tundu moja kwa moja.

Tena ndani ya mifupa ya mashavu na ya paji la uso kuna vyumba vidogo vyenye hewa, vinavyoitwa sinusi. Kila chumba kina mlango mdogo unaofunguka ndani ya pua. Ngozi ikivimba mlango unafungwa, kamasi inabaki ndani, na mtu anasikia uzito usoni, hasa akiinama kufunga kamba za viatu.

Dawa iliyo nzuri ni ya bei ndogo: maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, mimina gilasi moja, tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Inama juu ya beseni, ingiza maji hayo puani kidogokidogo, yaache yatoke. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na kila siku tengeneza maji mapya. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa msiyaingize puani hata kidogo.

Matone ya kufungua pua yanayouzwa katika duka la dawa yanafanya kazi upesi, na upesi huo ndio mtego wake. Yanakaza mishipa na pua inafunguka kwa saa chache. Mtu akiyatumia zaidi ya siku 5, ngozi inavimba tena kuliko mwanzo kila dawa inapoisha, naye anaongeza matone. Kuna watu wanaobeba kichupa mfukoni miezi na miezi, wakifikiri mafua yao hayaponi, kumbe ni kichupa kinachowaziba. Siku 3 zinatosha. Vidonge vya kufungua pua vinaweza kupandisha tension, na vidonge vingine vya mafua vinaleta usingizi: mwendesha kamio asivimeze kabla ya kazi. Antibiotiki haziui virusi. Kamasi ikiwa ya njano au ya kijani, hiyo peke yake si sababu ya kuzinunua kwa mchuuzi wa njiani.

Kujifukiza na mvuke kunaburudisha kwa dakika chache, lakini sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza watoto wengi. Duche ya moto baada ya kazi inatosha. Na mbabula isiingie chumba cha kulala. Moshi unavimbisha pua, na makala yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kama watu wa nyumba wanaamka na kichwa kinauma pamoja, hiyo si sinusi. Wote watoke nje mara moja, kisha waende hospitali.

Mtoto mchanga anapumua hasa kwa pua. Ikiziba, ananyonya kidogo na kuacha, analia. Mama, mtie tone moja au mawili ya maji ya chumvi kila tundu kabla ya kumpa ziwa. Usimtie matone ya watu wazima wala kumpaka mafuta ya kambo puani. Akipumua mbiombio, mbavu zikizama, akikataa kunyonya, au akiwa na homa, mpeleke bila kungoja. Kwetu homa ya mtoto lazima ipimwe malaria, hata kama ana mafua.

Sasa tuje kazini. Pua inazuia vumbi kubwa. Lile dogo sana la mawe linapita mpaka mapafuni, na huko linaacha makovu yasiyopona. Mwenye pua iliyoziba anapumua kwa mdomo, anaona maski nzito, anaishusha shingoni. Sasa hana hata kile kizuizi cha kwanza. Kama huwezi kupumua na maski, mwambie kapita kabla ya kuanza, akupe kazi mbali na vumbi siku hizo.

Mwambie pia kama unateremuka chini sana. Kwenye metre 1.000 hewa inakandamiza zaidi, karibu sehemu moja kwa kumi kuliko juu. Njia inayotoka nyuma ya pua kwenda sikioni ikiziba, sikio linauma na ngoma yake inaweza kuumia. Meza mate, piga miayo; usikaze pumzi kwa nguvu.

Nenda kwa munganga kama siku 10 zimepita bila nafuu, kama ulianza kupona kisha homa na maumivu ya uso yakarudi, na siku ileile kama jicho linavimba, unaona vitu viwiliviwili, au shingo inakaza.

Kuna pia pua inayoziba kila wiki ya kazi na kufunguka wakati wa likizo. Hayo si mafua. Ni vumbi au moshi wa mahali unapofanya kazi, na munganga wa kazi anapaswa kujua mahali hapo ni wapi.