Njia Tuli na Njia Badilifu katika Mtandao wa Kompyuta Kuu: Mifano ya Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Makala haya yanachunguza dhana mbili ambazo aghalabu hutajwa kama jozi inayokinzana, yaani njia tuli na njia badilifu, kwa kuangalia namna zinavyochaguliwa katika mtandao wa ndani wa taasisi yenye kompyuta kuu. Njia tuli huandikwa kwa mkono na msimamizi wa mtandao, nayo hubaki vivyo hivyo mpaka aibadilishe. Njia badilifu hujengwa na mashine zenyewe, kwa kupashana habari za viungo vilivyo hai na vilivyokatika.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufikisha vyungu vyao kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, kwa mitumbwi, kwani Milima ya Livingstone imeshuka hadi ziwani bila kuacha nafasi ya barabara. Kwa shehena ya vyungu njia ni moja. Ziwa likichafuka, habari hiyo haimpi mchukuzi njia ya pili, atasubiri tu. Ndivyo ilivyo kwa ofisi ya Kyela mjini iliyounganishwa na kompyuta kuu ya makao makuu kwa kiungo kimoja kipandacho Tukuyu. Itifaki badilifu ingetangaza kwamba kiungo kimekatika, lakini isingekuwa na pa kupitishia data. Mstari mmoja wa njia tuli unatosha.

Kiungo cha pili kikiongezwa, hoja hugeuka. Njia tuli haioni mkatiko uliotokea mbali, nyuma ya ruta jirani. Huendelea kupeleka data kunakopotelea. Itifaki ya RIP, iliyosanifishwa mwaka 1988, hutangaza njia kila baada ya sekunde 30 na haivuki ruta 15. OSPF, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kwa kawaida husalimia majirani kila sekunde 10, na jirani akinyamaza kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa ametoweka.

Istilahi yenyewe inaweza kupotosha. Neno “tuli” hudokeza uthabiti, ilhali kinachotulia ni maandishi tu. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliutaja mto Songwe kuwa mpaka. Lakini katika uwanda wa Kyela mto huo umehamahama kwa mafuriko. Jedwali la njia tuli lina udhaifu wa namna hiyo hiyo.

Kompyuta kuu ina jambo lake la pekee. Katika mfumo wa z/OS huwapo anwani zisizofungwa kwenye kadi yoyote, ambazo huweza kuhamia mashine nyingine mashine ya kwanza inapoanguka. Zikihama, ruta za jirani hazina budi kuarifiwa mara moja, na kazi hiyo hufanywa na programu ya OMPROUTE kwa kutumia OSPF. Kwa njia tuli, msimamizi angeamshwa usiku kuandika upya. Hata hivyo, kompyuta kuu si ruta, na muda wake wa kukokotoa ni ghali. Kwa hiyo inafaa iwekwe katika eneo-kikomo, lenye njia chache na njia moja ya jumla ya kutokea nje. Ofisi ya Kyela ibaki na mstari wake mmoja. Majirani wa kompyuta kuu nao wathibitishwe kwa nywila, kwa sababu itifaki badilifu isiyolindwa humwamini yeyote anayetangaza njia.