Unataka Kufuga Vyura wa Rangi? Soma Hii Kabla Hujatoa Hela

Najua wengi mnasubiri muendelezo wa viwavijeshi kwenye mahindi, utakuja wiki ijayo, msinichoke. Leo naomba tuongee jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ugani hapa Mpanda sikuwahi kuulizwa hata siku moja. Ufugaji wa vyura.

Mwezi wa pili mwaka huu kijana mmoja wa Kakese alifika ofisini na ndoo ya lita 20 iliyofunikwa kanga. "Shikamoo bwana shamba." Marahaba. Akafunua. Ndani kulikuwa na vyura wadogo kama 60, wale wa kwenye matete, wa kijani na wengine wana milia na madoa. Alikuwa amewaokota usiku kwa tochi kwenye mifereji ya mpunga. Akaniuliza kama mtaalamu: nawalisha nini ili wazaane haraka?

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka alipoeleza. Aliona video kwenye simu, Mzungu ana sanduku la kioo limejaa majani, ndani vyura wa bluu na wa njano, kila mmoja anauzwa kwa dola. Kwenye kundi moja la simu akapata mtu aliyejiita wakala wa wanunuzi. Akatuma "hela ya usajili" shilingi 120,000. Akaenda kwa fundi vioo, akatengenezewa tangi kwa shilingi 85,000. Hela yote hiyo ilikuwa ya mpunga wa mama yake, na mama alikuwa hajui.

Nikamwambia tukae kwanza.

Wale vyura wa kwenye video si wa kwetu. Asili yao ni misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na ya Kusini, kuanzia Nikaragua mpaka Brazili. Yule wa bluu anatoka Suriname na upande wa Brazili uliopakana nayo. Kwa Kiswahili tunaweza kuwaita vyura wa mishale, kwa sababu kule Kolombia wenyeji wa kabila la Emberá walikuwa wanapaka sumu ya aina moja ya vyura hao kwenye vishale vya kuwindia. Chura mwenyewe haitengenezi sumu hiyo kutoka hewani. Anaipata kwa kula sisimizi wadogo, utitiri na wadudu wengine wa msituni. Aliyezaliwa ndani ya tangi na kulishwa chakula cha nyumbani hana sumu. Ndiyo maana Mzungu yule anamshika bila hofu.

Na ni kweli kuna watu Ulaya na Marekani wanaowazalisha nyumbani, na mmoja anaweza kuuzwa dola 40, wengine zaidi ya 100. Kijana hakudanganywa hapo. Ila tazama kazi yake ilivyo. Joto linatakiwa nyuzi 22 hadi 26 hivi, likipita 30 wanaanza kufa. Sasa wewe uliyekaa chini ya bati hapa Mpanda mwezi wa kumi unajua mwenyewe. Unyevu ndani ya tangi uwe asilimia 80 na kuendelea muda wote. Jike anataga mayai machache, mara nyingi hayafiki kumi na mawili. Wafugaji wanaweka kifuu cha nazi kilichofunikwa, chini yake kisahani, mayai yanatagwa humo. Baada ya wiki mbili hivi yanatoka viluwiluwi, na hapa ndipo panaponifurahisha mimi: kwa aina nyingi ni baba anayewabeba mgongoni, mmoja mmoja au wachache, kuwapeleka kwenye kijimaji kilichotuama kwenye majani. Kuna aina nyingine mama anarudi kila mara kuwatagia mayai yasiyo na mbegu ili wale. Kiluwiluwi mpaka awe chura ni miezi miwili au mitatu.

Chakula chao ni vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana. Sisemi inzi wa maembe anayewatesa, yule ni mwingine na ni adui. Hawa wadogo wanafugwa kwenye chupa: ndizi iliyopondwa, hamira kidogo, siki kidogo kuzuia ukungu, mdomo wa chupa unafungwa kitambaa. Kwa joto la nyuzi 25 kizazi kipya kinatoka ndani ya wiki mbili. Kabla ya kuwapa vyura, wanapakwa unga wa vitamini na kalsiamu. Bila huo unga chura anashiba lakini mifupa inalegea. Wanaofuga kuku wa mayai hili mnalielewa vizuri kuliko mimi.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ile ile nilimwambia kijana, wakati tunafikiria la kufanya, usiwaache kwenye ndoo. Osha tangi lako kwa sabuni, weka maji kidogo na majani, wahamishie humo. Akaosha kwa sabuni ya unga, akasuuza mara moja. Asubuhi 11 walikuwa wamekufa. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi, maji yanapita kwenye ngozi yake, na kilichomo kwenye maji kinapita nacho: sabuni, dawa ya bomba, chumvi ya mikono, kiuatilifu. Nalifahamu hilo tangu chuoni, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kwenye hela za yule mama. Tangi la viumbe hawa linasuguliwa kwa maji ya moto tu, na maji ya bomba yenye dawa yanaachwa wazi siku nzima au yanatibiwa kwanza.

Kilichomgeuza kijana ni habari ya Kihansi.

Kihansi ni korongo kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 wataalamu walikuta pale chura mdogo wa njano, mkubwa wao hafiki sentimita 3, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache mno, na hapatikani kwingine kokote duniani. Halafu hatagi, anazaa watoto kamili. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa, mitambo ya megawati 180. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, maporomoko yakapoteza sehemu kubwa sana ya maji yake, na manyunyu yakaisha. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyumbani yakafungwa mabomba ya kunyunyizia korongo. Vyura wakaongezeka tena mpaka 2003, halafu ghafla wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ya vyura ukakutwa pale. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena.

Sasa sikiliza. Bronx ni bustani yenye madaktari wa mifugo, maabara, na hela. Hata hivyo katika miaka ya mwanzo wale 499 walikufa na kufa, waliobaki kote Marekani wakashuka chini ya 100. Ilibidi watu wa Bronx na wa bustani ya Toledo, Ohio, wajifunze taa gani, maji gani, chakula gani, minyoo gani. Ndipo wakaanza kuzaana kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa kwenye korongo lao.

Kijana alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo mimi na tangi la elfu themanini na tano?"

Nikamwongezea la sheria, nanyi lichukueni. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini si wa aliyemwokota, ni mali ya umma. Ukitaka kumfuga au kumuuza unahitaji kibali, na pa kuanzia ni ofisi ya wanyamapori, siyo kundi la simu. Usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ulizuiwa mwaka 2016. Mwaka 2022 lilitoka tangazo la kuufungua kwa muda, likasitishwa ndani ya siku chache. Na wale wa Kihansi pamoja na jamaa zao wa ukoo ule, wamo kwenye orodha ya juu kabisa ya kimataifa, biashara yao imefungwa. Kwa hiyo "wakala" anayekuomba usajili anajua fika kwamba hakuna mzigo utakaosafiri. Anachovuna ni usajili wenyewe. Kijana alimpigia mbele yangu, simu haikupatikana.

Vyura waliobaki tuliwarudisha jioni ile ile ya pili, mfereji ule ule walikotoka. Hawakuwa wamechanganywa na vyura wa mahali pengine, vinginevyo nisingekubali, maana ile kuvu husafiri hivyo hivyo. Tukiwa pale mwenye jaruba la jirani alikuwa anajiandaa kupiga dawa. Nikamwomba angoje tukague mpunga kwanza. Tulitembea jaruba zima, wadudu walikuwa wachache mno, akarudisha bomba nyumbani. Viluwiluwi walikuwa wamejaa miguuni mwetu.

Kwa mama yake tulikwenda wote wawili. Sitaeleza yaliyosemwa, ila mimi pia nilisemwa. Hela ya usajili haijarudi mpaka leo, ingawa taarifa ilipelekwa polisi.

Tangi la kioo lipo. Mama amelichukua, linakaa mezani barabarani Kakese, ndani yake maandazi na chapati, nzi hawaingii. Nilipopita wiki iliyopita nilinunua manne. Kijana akaniambia hilo angalau limeanza kulipa.