'Kurekebisha silinda' ni kufanya nini hasa?

JIRANI yangu ana pikipiki kuukuu aina ya BSA M20 aliyorithi kwa babake. Ni zile zilizoundwa Birmingham, Uingereza, na kutumiwa kwa wingi na jeshi la nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia. Majuzi ilianza kutoa moshi wa buluu na kula oili, akaipeleka gereji.

"Mzee, silinda tumeirekebisha, iko fiti kabisa," fundi alimwambia. Risiti nayo ilisema vivyo hivyo: kurekebisha silinda. Kabla ya mwezi kwisha, moshi ulirudi. Alipolalamika, alijibiwa kwamba kazi aliyoilipia ndiyo iliyofanywa.

Je, alilipia kazi gani? Hapo ndipo mzozo wa gereji unapogeuka kuwa suala la lugha. Kitenzi 'rekebisha' hapa kinabeba angalau kazi tatu ambazo hazilingani kwa gharama wala kwa matokeo.

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda mithili ya mchi kinuni. Tofauti ni kwamba ringi zake hubana ukuta wa silinda ili gesi isipenye chini wala oili isipande juu. Injini ikitumika miaka na mikaka, ukuta huo hulika, tena haliki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi zinapofikia kikomo cha safari yao, na katika pande ambazo pistoni huegemea. Tundu lililokuwa duara huelekea umbo la yai. Ndiyo maana fundi makini hupima juu, katikati na chini, na kila mahali hupima pande mbili.

Kazi ya kwanza ni kubadilisha ringi tu. Inafaa iwapo tundu lingali duara, kwa maana ringi mpya haiwezi kuziba vizuri tundu la umbo la yai.

Ya pili ni kusugua ukuta kwa mawe ya kunolea ili kuacha mistari myembamba inayopishana, ambayo hushika oili na kusaidia ringi mpya kukaa. Kusugua huku hakuondoi uchakavu mkubwa.

Ya tatu ni kulichonga tundu zima kwa mashine hadi liwe duara tena, kisha kutia pistoni kubwa zaidi. Tundu la M20 lina upana wa milimita 82 na pistoni husafiri milimita 94, hivyo ujazo ni sentimita 496 za ujazo. Ukitia pistoni iliyozidi kwa inchi 0.020, yaani nusu milimita hivi, ujazo hukaribia 503. Pistoni hununuliwa na kupimwa kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Lazima ibaki nafasi ndogo kati yao, kwani pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko silinda ya chuma. Nafasi ikikosekana, itakwama njiani.

Sasa, kazi hii ya tatu tuiiteje? Gerejini utasikia 'riboo'. Tukiunda kitenzi 'kuriboa', kijana wa Nairobi atacheka, kwa kuwa kwake kitu 'kinachoboa' ni kile kinachochosha roho. 'Kutoboa' nako kunapotosha: tunatoboa pasipo na tundu, ilhali silinda inalo tayari. 'Kupekecha' kunatukumbusha kekee inayoanzisha tundu. 'Kukereza' kumekaribia, lakini katika kukereza ni kitu chenyewe kinachozungushwa ili kichongwe, ilhali hapa silinda hutulia na kisu ndicho kinachozunguka.

Kwa maoni yangu, 'kupanua silinda' kunatosha. Ni maneno ambayo fundi na mteja wote wanayaelewa, na yanazaa swali la lazima: imepanuliwa kwa kiasi gani? Kazi ya pili nayo tuiite 'kusugua silinda'. 'Kurekebisha' tukuache kwenye mazungumzo ya kawaida, si kwenye risiti. Risiti nzuri ingesema: 'Silinda imepanuliwa kwa inchi 0.020, pistoni mpya ya kiasi hicho na ringi zake zimetiwa.' Hayo yanaweza kupimwa, na yasipopatikana mteja ana pa kuanzia.

Jirani yangu hatimaye aliipeleka silinda kwa fundi mwingine mwenye vipimo. Ilikuwa na mistari mipya ya kusuguliwa, na umbo lake la yai liko pale pale. Pistoni ilikuwa ile ile ya zamani, ringi ndizo mpya. Yule fundi wa kwanza hakuwa amesema uongo. Kweli aliirekebisha silinda, na neno hilo ndilo lililomwachia mwanya.