Hudia: mmea wa Wasan ulipofika maabara

Dukani kwangu hakupiti wiki bila mtu kuingia na kopo la dawa ya kuondoa kitambi. "Dokta, hii si miti shamba tu? Haina madhara, eti?" Mimi ni mfamasia, na jibu langu huanzia jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika.

Huko huota hudia, mmea mnene wenye miiba, ambao kwenye makopo huandikwa Hoodia. Wawindaji wa Kisan, wenyeji wa huko, tangu zamani huukwangua miiba na kuutafuna mbichi, njaa na kiu visiwashinde safarini. CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, ilianza kuuchunguza mwaka 1963, na miaka ya 1990 ikachukua hataza. Wasan, wenye ujuzi huo, hawakuulizwa. Mkataba wa kuwapa sehemu ya mapato ulikuja kusainiwa mwaka 2003, na kucheleweshwa huko naliita dhuluma.

Kampuni ya Pfizer iliushika mmea huo ikauacha, kisha Unilever ikauchukua mwaka 2004. Jaribio lake lilihusu wanawake 49 wenye uzito uliozidi, kwa siku 15. Saa moja kabla ya kifungua kinywa na ya chakula cha jioni, kundi moja lilikunywa mtindi wenye kiini cha hudia, jingine mtindi usio nacho. Kundi la pili ni la lazima, maana mtu akiamini amekunywa dawa ya kukata hamu, huenda akala kidogo kwa imani tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Makundi hayo hayakutofautiana kwa maana yoyote, si kwa chakula walichokula, si kwa uzito. Tofauti ilikuwa kwenye madhara: waliopewa hudia walipata zaidi kichefuchefu na kutapika, presha na mapigo ya moyo yakapanda, na baadhi ya vipimo vya ini vikabadilika. Unilever ilikuwa imeshajitoa mwaka 2008.

Wasan hawakumdanganya mtu. Mwindaji aliyetafuna kipande porini hakuwa na kitambi cha kupunguza, wala hakunywa kiini kilichokolezwa asubuhi na jioni. Matumizi ya zamani yanatuonyesha mmea gani upimwe. Hayatupi kipimo cha dozi ya mgonjwa wa presha wa mjini.

Kwa hiyo ukiuziwa dawa ya kitambi, uliza ilijaribiwa kwa watu gani, kwa muda gani, na ililinganishwa na nini. Na kama unameza dawa za presha au kisukari, mwonyeshe daktari wako kopo hilo kabla hujalifungua.