Mtoto akitaka kwenda Rwanda kutembea na kujitolea

Fomu ya safari ya shule ikifika nyumbani, jicho la mzazi hukimbilia kiasi cha kulipa. Ni haki yake. Lakini kwa safari za vikundi zinazochanganya kutembelea maeneo ya kihistoria na kazi za kujitolea nje ya nchi, yapo maswali mazito kuliko nauli.

Chukua Rwanda, ambako wanafunzi wetu wanaweza kufika kwa basi. Njia yenyewe ni somo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 wakikimbia vita. Na vigogo wengi walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walihukumiwa hapa hapa kwetu, Arusha, hadi mahakama ile ilipofunga kazi mwisho wa 2015.

Kigali kuna makumbusho ya Gisozi, yaliyofunguliwa 2004, walikozikwa watu wapatao 250,000. Ndani kuna sehemu ya picha za watoto waliouawa, na chini ya picha yameandikwa mambo madogo kama chakula ambacho mtoto alikipenda. Nyamata, kusini mwa jiji, ni kanisa ambalo watu walikimbilia wakidhani watasalimika. Nguo zao zimo humo mpaka leo.

Kijana wa kidato cha nne anaweza kuyabeba hayo akiandaliwa. Wa darasa la tano, kwa maoni yangu, bado. Mweleze mapema atakachokiona, bila kumtisha wala kumficha. Kama amefiwa karibuni au amewahi kushuhudia ukatili, mwalimu ajue kabla ya safari, na mtoto aruhusiwe kubaki nje bila kuchekwa. Muulize pia mwalimu: wakitoka pale, watakaa wazungumze au basi linawapeleka moja kwa moja sokoni? Akirudi, kukosa usingizi siku chache si ajabu. Zikipita wiki mbili tatu bado anaota ndoto za kutisha, hali vizuri na anajitenga, mpeleke kwa mtaalamu wa ushauri nasaha.

Sasa kujitolea. Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja inayofanyika asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Watu wazima hutoka na majembe na mafyekeo, wakachimba mitaro, wakapanda miti, kisha wakakaa kikao cha mtaa. Wageni hukaribishwa. Ni kujitolea ninakokupenda, kwa sababu kazi inapangwa na wenyeji na ingefanyika hata mgeni asingekuja.

Fomu ikisema watoto watakwenda "kucheza na yatima", simama hapo. Mtoto anayelelewa kituoni hujenga ukaribu haraka na kila anayempakata; mgeni akiondoka baada ya siku tatu, anaachwa tena, na wiki ijayo anakuja mwingine. Wataalamu wa malezi wanalipinga jambo hili, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi kuzuia madhara yake. Rwanda yenyewe iliamua mwaka 2012 kufunga vituo hivyo hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto kwenye familia. Tena jiulize: ungekubali vijana usiowajua waje kumbeba mwanao na kumpiga picha za kurusha mitandaoni? Mwambie mwalimu, hata kama wazazi wengine wote wameshasaini.

Kuhusu afya, kubwa ni kuwahi. Basi likipitia Kenya au Uganda, uliza kituo cha chanjo kuhusu cheti cha homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakusaidii. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha. Usiache chandarua kwa kuwa umesikia Kigali kuna baridi, malaria ipo. Mwenye pumu asafiri na dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha na sweta, na mwalimu mmoja anayezijua dalili zake. Homa ikimshika ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe alikotoka.

Angalia na tarehe. Kuanzia Aprili 7 kila mwaka Rwanda huingia kwenye wiki ya maombolezo, na burudani husimama. Kikundi kinachotaka muziki jioni kisubiri likizo ya Juni, na kikitaka umuganda kipange kuwa Kigali Jumamosi ile ya mwisho. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Ni marufuku Rwanda tangu 2008.