SHAHADA YA MTANDAONI IKAGULIWE KABLA YA KULIPIWA

Kiu ya elimu miongoni mwa askari na polisi ni jambo la kupongezwa. Lakini ofisa aishiye Kibagabaga, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ambaye leo yuko zamu ya usiku na kesho huenda akapelekwa mkoani, hawezi kuhudhuria darasa kila jioni. Si ajabu, basi, kwamba shahada ya uzamili inayofundishwa kwa njia ya mtandao inamvutia. Swali la kujiuliza ni hili: ataipima kwa kipimo gani?

Kwanza ni vyema kuondoa dhana potofu. Kusoma kwa mbali si udanganyifu. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiosoma katika vyuo vyake tangu mwaka 1858. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho huwafundisha wanafunzi walio mbali. Umbali peke yake, kwa hiyo, hauipunguzii shahada heshima yake.

Kinachopaswa kutiliwa shaka ni chuo kinachojishuhudia chenyewe. Mfano mzuri ni wa kile kilichojiita Chuo Kikuu cha Saint Regis. Kiliendeshwa na watu waliokuwa Spokane, nchini Marekani, nacho kilidai kutambuliwa na serikali ya Liberia. Uchunguzi ulionyesha kwamba utambulisho huo ulipatikana kwa kuwahonga maofisa. Mpelelezi mmoja alijifanya ofisa mstaafu wa jeshi la Syria, akanunua shahada kwa dola zaidi ya 1,000 bila kuhudhuria somo hata moja. Mwaka 2005 wakuu wa usalama walivamia ofisi zake, na mwaka 2008 wenye biashara hiyo walihukumiwa kifungo. Hatari yake kwa usalama ni dhahiri: cheti cha sayansi mkononi mwa mtu asiyejua sayansi, au hati ya kumfungulia mhalifu milango ya nchi nyingine.

Fundisho lake ni jepesi kwa kila askari aliyewahi kulinda lango. Mlinzi hamwulizi mwenye kitambulisho kama kitambulisho chake ni halali, huwauliza waliokitoa. Vivyo hivyo, tovuti nzuri, barua yenye mhuri na picha za majengo si ushahidi. Hata jina la bodi inayodaiwa kukithibitisha chuo halitoshi, kwani walaghai huunda na bodi pia.

Njia ya haki ni kuanzia upande wa pili. Mwombaji atafute mamlaka ya elimu ya juu katika nchi ya chuo hicho kwa njia yake mwenyewe, bila kufuata anwani aliyopewa na muuzaji, na aulize kama chuo kina idhini ya kutoa shahada ya ngazi hiyo. Kisha, kabla ya kulipa hata faranga moja, aulize Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda kama shahada hiyo, kwa namna hiyo ya kusomwa, italinganishwa na za nchini. Jibu alipate kwa maandishi. Mwisho aulize idara ya utumishi ya jeshi au polisi, kwa kuwa shahada inaweza kuwa halali na bado isihesabiwe katika kazi yake.

Aidha, aitazame kazi yenyewe. Ni nani hutahini, na mtahiniwa hutambuliwaje? Ni mwalimu gani husimamia tasnifu? Chuo kinachoahidi uzamivu kwa miezi michache, au kinachogeuza miaka ya utumishi kuwa shahada nzima kwa malipo, kinauza karatasi.

Anayedanganywa hupoteza akiba ya miaka. Anayenunua akijua hupoteza zaidi. Nchini Rwanda, kughushi hati na kuitumia hati ya kughushi ni makosa ya jinai, na kwa mlinzi wa sheria aibu yake ni maradufu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Wiki chache za kuulizia ni gharama ndogo kwa shahada itakayosimama mbele ya mkaguzi yeyote.