Kumfikia Kijana Asiyekuja

Mlezi wa vijana hana kengele ya darasani wala rejesta, na hana mamlaka ya kumlazimisha mtu. Kijana humjia kwa hiari yake, na siku akichoka huondoka. Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na ya mwalimu, ya afisa ustawi wa jamii na ya polisi, ingawa wote wanne wanaweza kuwa wanahangaika na kijana yuleyule. Hiari hiyo ndiyo nguvu ya kazi, na ndiyo inayozaa tatizo lake kubwa. Wanaojitokeza klabuni, kambini au kwenye semina mara nyingi ni wale ambao mambo yao si mabaya sana. Aliyeacha shule, aliyetoka gerezani, binti wa miaka 17 anayelea mtoto, kijana wa kiti cha magurudumu asiye na basi la kupanda, mtoto wa wakimbizi ambaye lugha ya mjini bado inampiga chenga: hao ni nadra kuonekana. Kujitokeza kwao hakuwezi kuachwa kwa bahati, ndiyo maana walezi hufundishwa.

Uingereza inaonyesha vizuri jinsi mafunzo hayo yalivyokua. Kazi yenyewe ilianza kwa msukumo wa dini na hisani. YMCA ilianzishwa London mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa kiume waliofurika mjini kutafuta kazi. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo, kilichohitajika kwa mlezi kilikuwa hasa moyo mwema na nafasi ya jioni. Mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na Lady Albemarle ilitoa ripoti kuhusu huduma za vijana iliyoibana serikali, na mwaka uliofuata chuo cha taifa cha viongozi wa vijana kikafunguliwa Leicester, kikitoa kozi ya mwaka mmoja. Tangu 2010, anayetaka kutambuliwa England kama mlezi wa kitaaluma anatakiwa kuwa na digrii.

Lakini somo kubwa zaidi la miaka ile ya sitini halikutoka chuoni. Kati ya 1960 na 1963, chama cha taifa cha klabu za vijana kiliwatuma wafanyakazi wake kwenye miji kadhaa wakakutane na vijana wasiokanyaga klabu yoyote. Hawakufungua ofisi. Walikwenda vijana walikokuwa, kwenye mikahawa na baa, wakakaa, wakazoeleka. Mary Morse aliandika habari za mradi huo katika kitabu chake The Unattached cha mwaka 1965, na kazi ya mtaani ikapata nafasi katika mafunzo kama fani yenye taratibu zake.

Miaka ya tisini ikaleta somo jingine, la majina. Watafiti huko Wales walikuta vijana wa miaka 16 na 17 ambao hawakuwa shuleni, kazini wala kwenye mafunzo, na takwimu za serikali hazikuwa na mahali pa kuwaweka. Mwaka 1999 ripoti ya serikali ya Uingereza iliwapa kundi lao, na kifupisho cha Kiingereza NEET, yaani asiye shuleni, kazini wala kwenye mafunzo, kikaenea duniani. Jina hilo lilisaidia bajeti kupatikana. Kwa mlezi, hata hivyo, lina hatari, kwa kuwa linamtaja kijana kwa vitu vitatu alivyokosa na kunyamazia kila alichonacho. Ndiyo maana siku za mwanzo za mafunzo mengi hutumika kumfanya mlezi ajitazame mwenyewe kwanza, na mazoea yake ya kuwapa watu majina.

Zoezi linalotumika sana Ulaya kwa kazi hiyo limo katika Compass, mwongozo wa elimu ya haki za binadamu uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2002. Washiriki husimama kwenye mstari mmoja, kila mmoja ameshika kadi asiyomwonyesha mwenzake. Kadi inamwambia kwamba kwa nusu saa ijayo yeye ni binti wa meneja wa benki, au mhamiaji asiye na vibali, au kijana kipofu anayeishi na bibi yake. Mwezeshaji anasoma sentensi moja baada ya nyingine: una mahali pazuri pa kulala, huogopi kusimamishwa na polisi, mwaka huu utakwenda likizo. Anayeona sentensi inamhusu anapiga hatua mbele, asiyehusika anabaki. Baada ya sentensi ishirini hivi, mstari umekatikakatika, wengine wamefika ukutani na wengine hawajaondoka walipoanzia. Kisha mwezeshaji huuliza swali ambalo ndilo kiini cha zoezi: waliotangulia walianza lini kutambua kwamba wenzao wamebaki nyuma? Wengi hukiri kwamba hawakugeuka kutazama. Mazungumzo yanayofuata huchukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, na mwezeshaji anayeyakatisha ili awahi chai amepoteza asubuhi yote.

Mafunzo ya namna hii yana nyumba zake. Baraza la Ulaya lilifungua kituo cha vijana Strasbourg mwaka 1972, na kingine Budapest mwaka 1995. Umoja wa Ulaya nao una mtandao wa vituo uitwao SALTO, ulioanza mwaka 2000, na kimojawapo kazi yake ni ujumuishaji wa vijana walioachwa pembeni. Kupitia programu ya Erasmus+, walezi wa nchi mbalimbali hukutana kwa siku chache, mara nyingi wiki moja, kwa mafunzo ya vitendo. Michezo ya kuigiza hutumika sana, hasa ile ya Mbrazili Augusto Boal, ambamo mtazamaji husimamisha mchezo na kuingia jukwaani kubadilisha mwenendo wa hadithi. Njia iliyo jirani na hiyo si ngeni Afrika Mashariki: mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitumia maigizo kuwawezesha wasichana wa sekondari kusema wazi yanayowazuia kusoma.

Baada ya kujitazama huja ufundi, na ufundi mwingi ni wa mambo madogo. Mfano ni siri. Mvulana anamvuta mlezi kando na kumwambia ana jambo la kumweleza, ila asimwambie mtu. Asiyefundishwa huahidi papo hapo, kisha akisikia kwamba mtoto anapigwa nyumbani hubaki njia panda: avunje ahadi au anyamazie hatari. Aliyefundishwa husema kabla mvulana hajafungua mdomo kwamba mengi yatabaki kati yao, lakini akisikia kuna mtu anaumizwa atalazimika kutafuta msaada, na hatafanya hivyo bila kumjulisha. Baadhi ya vijana hunyamaza hapo hapo. Wengi hurudi baadaye, kwa sababu wamemwona mtu asiyewadanganya.

Jingine ni nauli. Mradi unaomtaka kijana ajilipie kwanza kisha arudishiwe umeshamfungia mlango asiye na kitu, hata kama tangazo linasema wote wanakaribishwa. Kwa hiyo mlezi hufundishwa kupitia mpango wake akitafuta vizuizi: gharama ya pasipoti, fomu ndefu, ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu, saa ambazo mama kijana hana wa kumwachia mtoto. Erasmus+ hutoa fedha za ziada kwa mahitaji ya aina hii, lakini lazima mtu awe ameyafikiria wakati wa kuandika bajeti.

Ufini imekwenda mbele zaidi. Huko utafutaji wa vijana waliopotea njiani umewekwa katika sheria ya vijana iliyoanza kutumika mwaka 2017. Shule humtaarifu mlezi kuhusu aliyeacha masomo, na jeshi kuhusu aliyeondolewa katika utumishi wa lazima. Mlezi hupiga simu au kubisha hodi, na kijana anabaki na haki ya kukataa. Walezi wengi wamesomea malezi ya jamii katika vyuo vikuu vya ufundi stadi. Baadhi ya vijana wanaowahudumia wanatoka familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na huko mlezi hutakiwa kujua kwamba kumfikia kijana bila kumsalimu mzazi ni kujiharibia.

Lipo pia swali la nani afundishwe. Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana MYSA kilichoanzishwa mwaka 1987 kimejibu kwa kuwafundisha wachezaji wenyewe. Makocha, waamuzi na viongozi wa ligi ni vijana wa mitaa hiyohiyo, na timu hupata pointi kwa kusafisha mazingira kama zinavyopata kwa kushinda. Mlezi wa aina hii hahitaji kadi ya kumwonyesha umaskini ulivyo. Anachokosa mara nyingi ni mipaka: kila mtu anajua nyumbani kwake, na usiku wa manane anagongewa mlango.

Udhaifu wa mafunzo mengi uko baada ya cheti. Wiki moja hutia ari, lakini bila msimamizi wa kukaa naye kila mwezi na kupitia kesi ngumu, mlezi hurudia alivyozoea. Fedha nazo hazikai. England, matumizi ya halmashauri kwa huduma za vijana yamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu 2010, na kazi nyingi sasa hutegemea miradi ya muda mfupi. Kijana aliyechukua miezi minane kumwamini mtu huambiwa mradi umeisha. Kwa hiyo mafunzo mazuri siku hizi yana somo la kuaga: mlezi ataje tarehe ya mwisho tangu mapema, ampeleke kijana yeye mwenyewe kwa atakayempokea, na arudi kuulizia mara moja au mbili kama kweli alipokelewa.